Udongo Wangu Sasa Unaotesha Gazoni

Alhamisi. Mvua imekatika mchana, na hewa ina ule ukali wa moshi wa mlima unaokwaruza koo. Nguo nilizoanika asubuhi zimepata vidoa vya majivu. Nimeziacha hivyo hivyo. Leo sina mkono wa kufua.

Nina hasira. Naliandika neno hilo mapema ili nisije nikaanza kulizungukazunguka. Wiki hizi zote mtu akinisalimu namjibu vizuri, napita. Leo nitasema yote kwenye hii simu yenye kioo kilichopasuka, na atakayesoma asome.

Waliuza udongo wangu.

Hukusoma vibaya. Sikuibiwa kuku wala sufuria. Ni udongo, ule wa kupanda mboga. Ulipakiwa kwenye kamioneti, gari dogo la mizigo, ukaenda.

Mtu asiyekaa Goma anaweza kucheka. Kwao udongo ni kitu cha kufagia mlangoni. Hapa Majengo ukipiga jembe chini, linakurudishia cheche. Tunakaa juu ya jiwe jeusi, moto wa zamani uliopoa kabla ya sisi kujenga juu yake. Ukitaka hata kitunguu kimoja, lazima kwanza uilete ardhi ya kukiweka.

Na mimi niliileta.

Zamani tulikuwa na nyumba yetu Buhene. Mlima wa moto ulipopasuka mara ya mwisho tulikimbia na watoto, godoro moja na cherehani yangu. Tuliporudi hapakuwa na pa kurudia. Nyumba, choo, mparachichi, mistari yangu ya maharage, vyote vilikuwa chini ya ukuta mweusi uliokuwa bado unatoa mvuke. Mume wangu Kambale alisimama pale muda mrefu akijaribu kukisia mlango ulikuwa wapi. Akakisia hapa, akakisia pale, mwisho akasema twende.

Tulikwenda kwa kaka yake mkubwa, Paluku. Niseme haki: alitupokea. Alitupa sehemu ya nyuma ya parseli yake, yaani kiwanja chake, akatoa na mabati yake mwenyewe ili tujenge vyumba viwili vya mbao. Mke wake, Mama Neema, alitupikia mpaka tulipopata sufuria zetu. Hayo siyasahau, na ndiyo yanayonifanya nishindwe hata kukasirika vizuri.

Nyuma ya vyumba vyetu palikuwa na uwanja wa mawe matupu, umekaa bure. Nikamwuliza Paluku kama naweza kuweka bustani. Alicheka. "Kama utaweza kuotesha kitu kwa hii mawe, Mama Ushindi, mie nitakuwa wa kwanza kula." Ushindi ni binti yangu mkubwa. Hapo hata mimi nilicheka.

Kambale wakati huo alikuwa anaendesha lori la mizigo kati ya Goma na Butembo. Kila aliporudi alisimama Kibumba, kwenye udongo mzuri mweusi, akanunua magunia machache na kuyapanga juu ya mzigo wa watu. Kutoka barabara kubwa tuliyaleta kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Mengine niliyabeba mgongoni. Nilichanganya na mavi ya mbuzi, maganda ya viazi, majivu ya makaa, takataka za jiko langu na za jirani. Hata vumbi la kibanda changu cha ushonaji Birere nililifagia nikalileta, na vipande vya nyuzi na vitambaa vya sare ndani yake. Nilizungushia mawe yaliyopangwa kama ukuta mfupi ili mvua isiuchukue.

Usifikiri niliweka udongo, nikapanda, nikala. Mwaka wa kwanza maharage yaliungua yote. Ilinyesha ile mvua inayopita kwenye moshi wa mlima, na kesho yake majani yalikuwa na matobo ya kahawia kama yamechomwa sigara. Karoti zilishuka kidogo, zikagonga jiwe, zikagawanyika miguu. Ushindi aliziita karoti za suruali. Kabichi zilikuja vizuri mpaka kuku wa Mama Neema walipogundua njia. Nililia kwa sababu ya kabichi, mimi mtu mzima. Nikaongeza udongo, nikapandisha ukuta, nikaanza tena.

Nilichopata mwishoni kilikuwa cha kuonea fahari. Lenga-lenga, mchicha wetu wenye shina jekundu, mbegu za mama yangu kutoka Butembo. Poro, yaani vitunguu vya majani, sombe kidogo ya kisamvu pembeni, maharage ya kupanda juu ya vijiti. Ukiingiza mkono kwenye ule udongo ulikuwa unazama mpaka kwenye kiwiko, na chini palikuwa na uvuguvugu.

Paluku alikula. Kila Jumapili sahani ilikwenda mbele kwa Mama Neema, imefunikwa.

Kisha waasi wakaingia mjini. Sitaandika siku zile, kila mtu ana zake. Nitasema tu kilichobaki baada ya risasi kunyamaza: benki zimefungwa, barabara imekatika katikati, na Kambale yuko Butembo na lori lake, upande wa pili wa vita. Tunaongea kwa simu. Birere watu wanapita na kupita, hakuna anayeshona nguo mpya. Sokoni maharage yamekuwa kitu cha kutazamwa.

Bustani ilitulisha. Sikuwahi kufikiri nitaiandika sentensi hiyo nikiwa mjini, na cherehani yangu na cheti changu cha ushonaji. Lakini ilitulisha, mimi na wanangu wawili, na sahani ya Jumapili haikukosa kwenda mbele.

Halafu shangazi yangu akafariki Kalengera. Nilikwenda kuzika na watoto wote, tukalala matanga, tukarudi. Nilifungua mlango wa nyuma kwa ajili ya kunawa miguu.

Mawe.

Mawe matupu, tena yamefagiwa. Ndani ya ule ukuta wangu mfupi palikuwa na alama za beleshi na kijiti kimoja cha maharage kimelala. Ushindi alisema, "Mama, bustani iko wapi?" kwa sauti ya mtoto aliyepotelewa na mtu sokoni. Mdogo wake alianza kulia kwa sababu dada yake anataka kulia.

Nilizunguka mbele. Paluku alikuwa ameketi barazani na redio yake. Hakunitazama usoni, akapunguza sauti ya redio. Hapo nikajua.

"Papa Neema, udongo wangu uko wapi?"

"Karibu, Mama Ushindi. Pole na matanga."

"Udongo uko wapi?"

"Nimeuza." Akakuna goti. "Kuko mutu alikuwa anatafuta udongo mzuri. Benki imefunga, unajua. Mie pia niko na watu ya kulisha."

"Ulikuwa unakula kwenye huo udongo!"

"Sasa usipandishe sauti. Ni udongo tu. Utaleta ingine."

Nikamwambia sina pesa za kununua mwingine wala lori la kuuletea, na aliyekuwa anauleta yuko Butembo, ni mdogo wake wa tumbo moja. Nikamwambia anajua vizuri nilivyoubeba. Nilisema mengi, sauti ikawa juu, majirani wakaanza kuchungulia. Ndipo akasimama, muzee yule ambaye sijawahi kumwona na hasira, akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikiwa nachota maji.

"Hii parseli ni ya nani? Ulikuta hapa mabwe, mawe matupu, nakuachia mabwe. Nilikuiba nini?"

Niligeuka, nikarudi nyuma kwa watoto. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Majibu mazuri yote yalikuja baadaye, nikiwa peke yangu, napepeta mchele wenye mawe.

Nilimpigia Kambale. Nilimweleza kilichotokea, neno kwa neno. Kisha akasema: "Ni kaka yangu. Tuko kwake. Vumilia kwanza, nikirudi nitaongea naye."

Vumilia.

Nalichukia neno hilo. Kambale nampenda, lakini lile neno alipaswa kulimeza. Analisema mtu aliyeko Butembo penye viazi, analiambiwa mtu aliyeko Goma penye mawe. Nilikata simu, nikasingizia betri.

Baada ya hapo tukaanza kuokota.

Naandika "tukaanza" kwa sababu sikuwa peke yangu. Mama Riziki wa parseli ya jirani ndiye aliyenishika mkono. Ni mzaliwa wa Birere, babu zake walikuja na biashara kutoka Maniema, na tangu nihamie hapa yeye ndiye rafiki yangu. Mume wake, Papa Riziki, anaendesha kamioneti ya kukodi. Wao pia mambo yalikuwa yamekaza. Asubuhi mapema tulitoka na mifuko mitupu, tukaenda upande wa barabara ya Sake, kwenye mawe ya zamani ambako majani yameanza kukamata. Tuliokota mnavu, ule ambao wengi hapa wanauita isogo. Mgagani penye majivu mengi. Lenga-lenga za pori, zenye miiba, ambazo mikono yangu inazilaani mpaka sasa.

Mboga ya pori si mbaya. Ukichemsha mnavu, ukamwaga maji ya kwanza, ukaweka chumvi na karanga ukibahatika, watoto wanakula. Lakini pori halikujui. Leo lina kitu, kesho wamepita wengine kabla yako. Na sisi hatukuwa wachache. Kulikuwa na wanawake waliokimbia vita kutoka vijijini, wamekaa mahemani, wanazijua njia zote na wana njaa kutuzidi. Mara moja niligombania kichaka cha mnavu na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nilikivuta upande wangu. Alikiachia, akaondoka. Jioni yake nilikula lakini sikuonja.

Basi tukawa tunaenda mbali zaidi, na mbali zaidi, mpaka jana.

Kuna mahali karibu na ziwa ambapo ardhi imebonyea kama beseni. Chini kulikuwa na kijani ambacho hatujakiona kwa wiki nyingi, mnavu unaofika kiunoni, haujaguswa. Hapo mimi nilipaswa kujiuliza kwa nini haujaguswa. Sisi watoto wa huku tumelelewa na hofu ya mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi na kulala kwenye mabonde madogo asubuhi, kabla ya jua na upepo kuitawanya. Haina rangi. Mbuzi anashuka kula, hapandi. Tunajua. Lakini njaa ikikaa muda mrefu inafunika mambo unayoyajua.

Mama Riziki alishuka kwanza kwa sababu ana miguu myepesi. Alikuwa anacheka. "Njoo, Mama Ushindi, leo tutauza na ingine!" Aliinama kukata. Mimi nilikuwa bado juu, natoa kijiwe kwenye kiatu. Nikaona ndege mdogo amelala kwenye jiwe, chini kidogo ya miguu yangu, mabawa yamekunjwa vizuri kana kwamba amesinzia. Pembeni yake mwingine.

Nilipaza sauti. Aliinua kichwa, akajaribu kusimama, magoti yakakataa. Akakaa chini. Akalala.

Nilivuta pumzi nyingi kadiri nilivyoweza, nikafunga mdomo, nikashuka. Sikumbuki mawe. Nakumbuka kitenge chake, nilikishika kwapani kwake na kuvuta, na uzito wake ulikuwa uzito wa gunia la Kibumba. Kifua kilitaka kupasuka. Macho yalikuwa yanaona nukta nukta. Nilimpandisha kidogo, nikaanguka, nikanyanyua kichwa juu kutafuta hewa, nikavuta tena. Tulipofika ukingoni nilimburuza mpaka penye upepo, nikampiga mgongoni, nikamwita jina lake la utotoni ambalo sikuwa najua kwamba nalijua.

Alikohoa. Akatapika. Akafungua macho, akauliza mboga iko wapi.

Hapo nililia. Halafu, nikiwa bado nalia, ile hasira ikapanda kama maziwa kwenye sufuria. Mama Riziki alikuwa amekaribia kufa kwa ajili ya kitu nilichokuwa nacho nyuma ya nyumba yangu. Paluku angeona lile bonde! Angeona wale ndege!

Dereva wa pikipiki alitubeba wote wawili mpaka nyumbani kwake. Papa Riziki alipotukuta mlangoni alimchukua mkewe kama mtoto, akamlaza. Nilimsimulia. Alikaa kwenye kigoda, mikono kichwani. Mkewe alipopata usingizi wa kawaida, alinifuata nje.

"Mama Ushindi. Ile udongo, ni mie niliibeba."

Sikuelewa mara moja.

"Kwa kamioneti. Papa Neema aliniita. Nilimuuliza, mwenyewe anajua? Akasema anajua. Nikaona wewe hauko, nikajua anadanganya." Alikuwa anaongea akitazama miguu yake. "Wallahi sikuwa nimepata kazi kwa muda mrefu. Nikaibeba. Mama Riziki hajui."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Asubuhi nilikuwa nimemvuta mkewe kutoka kaburini, na jioni ananiambia alipakia bustani yangu kwa beleshi. Nikaifunga mikono kwenye kitenge.

Nilimwuliza kitu kimoja tu. "Uliupeleka wapi?"

Ndiyo maana leo asubuhi nilikwenda ziwani, kwenye zile nyumba zenye kuta ndefu na maua juu ya ukuta. Papa Riziki alinipeleka mwenyewe, akaniacha kwenye geti. Hakudai kitu, na mimi sikushukuru. Mlinzi wa pale, muzee mwenye koti kubwa kuliko mwili, aliniuliza nataka nani. Nikasema namtaka mwenye nyumba, ni habari ya udongo. Labda uso wangu ulimwonyesha kitu, alinifungulia.

Niliujua kabla sijaufikia. Mtu anaujua udongo wake. Ulikuwa umetandazwa mbele ya nyumba nzuri nyeupe, umesawazishwa, na juu yake wamepanda gazoni, zile nyasi fupi za kutazamwa. Vishina vyake vilikuwa bado vidogo, vimepangwa kwa mistari. Kati ya mistari zilikuwa zimeota lenga-lenga. Nyekundu, nono, kila mahali. Mbegu za mama yangu. Kulikuwa na maharage mawili matatu yakitafuta kijiti cha kupanda. Nilichuchumaa nikachukua udongo kwenye kiganja, nikaona uzi wa bluu, ule wa sare za shule.

Mwenye nyumba alitoka na kanga yake na simu mkononi. Madame, ndivyo mlinzi alivyomwita. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa na maneno, safari hii nilikuwa nimeyapanga.

Nikamwambia huu udongo ni wangu, niliubeba, uliuzwa nikiwa matangani. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sikulitegemea. Kisha akasema, bila ubaya wowote:

"Pole sana, mama. Lakini mie nililipa. Ule muzee aliniambia ni yake. Nikurudishie, nitabaki na nini?"

Maneno niliyoyapanga hayakuwa ya kwake. Hakuwa mwizi. Aliyeiba yuko barazani anasikiliza redio, na aliyebeba alinileta mpaka mlangoni. Na huyu, kama ningekuwa na nyumba nyeupe na pesa zangu mfukoni, labda ningetaka nyasi za kutazama.

Hapana. Nisingetaka. Mji mzima una njaa na mtu anapanda nyasi. Naomba nisilazimishwe kuelewa kila mtu.

Madame akaangalia lenga-lenga kwa huzuni. "Hizi magugu zinanisumbua sana. Nilikuwa nataka waziwekee dawa kesho." Akanitazama, akatazama mfuko wangu mtupu. "Kama unataka, uzitoe. Uzibebe zote. Hata wiki ijayo zikiota tena, uje. Utakuwa umenisaidia."

Magugu. Alivyosema hivyo nilisikia damu masikioni. Mboga ya mama yangu, iliyolisha wanangu, magugu, na mimi niitoe bure ili nyasi zipumue. Nilisimama pale na nilikuwa na jibu, kwa mara ya kwanza katika habari hii yote nilikuwa na jibu papo hapo mdomoni. Nikalifikiria, nikamfikiria na Ushindi anayerudi kutoka shule akiwa na njaa.

"Asante, Madame," nikasema. Nikapiga magoti.

Nilianza kung'oa. Shina moja, mawili. Lenga-lenga iking'olewa kwenye udongo mzuri haitoki peke yake, inatoka na donge, mizizi imekumbatia. Kwa kawaida unagonga donge kwenye mkono, udongo unarudi chini. Nilinyanyua mkono kugonga.

Sikugonga.

Niliweka kwenye mfuko kama ilivyo, na donge lake. Na ya pili. Na ya tatu nikaichimbia kidogo kwa vidole pembeni kabla ya kuivuta, ili ije na donge kubwa zaidi. Moyo ulikuwa unadunda kama siku ile ya mlima. Mfuko ukaanza kuwa mzito kwa namna ambayo mboga haiwi nzito. Niliomba mwingine kwa mlinzi. Aliuleta, akasimama juu yangu, akatazama kazi yangu.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Mizizi inabeba udongo mingi."

"Ndiyo, papa."

Alitazama nyumba. Alitazama mfuko. "Kung'uta basi moja moja. Madame iko anaangalia dirishani."

Nikakung'uta moja, kwa mkono wa juu, kila mtu aone. Alirudi getini kwake. Nilipotoka ndiye aliyenisaidia kupandisha mifuko kichwani na mgongoni, na aliipima kwa mikono yake, akajua kilichomo, akanifungulia geti.

Nilitembea mpaka Majengo. Shingo bado inauma. Paluku alikuwa barazani. Alinitazama napita na mzigo, udongo unadondoka kwenye kisigino changu, akazima redio kabisa.

"Mama Ushindi. Hiyo ni nini?"

"Mboga ya pori, Papa Neema."

Nikapita. Ni mara ya kwanza tangu niingie katika ukoo huu kumpita bila kusimama.

Sikuurudisha kwenye ule ukuta wa mawe. Nilichukua beseni lililotoboka, ndoo isiyo na mpini na magunia mawili ya unga, nikaugawa humo, nikapandikiza mashina machache. Kama kesho nitafukuzwa, nitaubeba beseni kwa beseni. Watoto walikula lenga-lenga mpaka wakanyamaza. Bakuli moja nilipeleka kwa Mama Riziki. Bado ana kichwa kinachouma, ila anaongea. Mume wake alitaka kuniambia kitu mlangoni, nikamwambia si leo. Sijui kama nimemsamehe. Kamioneti yake nitaihitaji, hilo najua.

Jioni Mama Neema alikuja nyuma na sahani tupu, mumewe ndiye aliyemtuma. Haya yote hakuyataka yeye, na ndiye aliyetupikia tulipokuja na godoro moja. Nilimjazia. Nilimwambia ale yeye na watoto. Alielewa nani nimemwacha, akainamisha kichwa.

Kambale amepiga simu, nimemsimulia yote. Safari hii hakusema nivumilie. Aliuliza, "Mifuko mingapi?" na nikasikia anajizuia kucheka. Kisha akaacha kucheka, akasema ataongea na kaka yake kesho, kwa simu, hatasubiri mpaka barabara ifunguke. Nitaamini nikisikia simu ya Paluku inalia.

Sasa hivi mvua inaanza tena, nimesogeza beseni, ndoo na magunia chini ya mabati ili moshi wa mlima usinichomee majani. Mikono inanuka udongo na sijainawa.

Najua mtu atakayesoma atauliza, kwa hiyo ngoja nijiulize mwenyewe. Yule mwanamke alilipa. Alinipa ruhusa ya majani, hakunipa ruhusa ya kilichoshikwa na mizizi. Wiki ijayo narudi, na wiki itakayofuata, na nitakuwa nachimba kwa vidole huku natabasamu dirishani, mpaka nyasi zake zianze kukaa juu ya mawe. Je, huu ni wizi?

Pasaka inakaribia. Nitapanga foleni kwa padri kama kila mwaka. Nitasema kwamba nilimnyang'anya mnavu mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kwa sababu hilo ni langu na linaniumiza. Nitasema namchukia kaka wa mume wangu.

Ya udongo sitayaungama.